Wamegoma Detroit, Pedi Zapanda Makupa? Mwongozo Kamili kwa Mwenye Yadi, Duka la Spea na Gari la Kazi Mombasa

Kila kukitangazwa mgomo wa viwanda vya magari huko ng'ambo, hapa Mombasa yatokea mambo mawili kwa siku moja. Muuza spea apandisha bei ya pedi za breki ambazo ziko kwa rafu yake tangu mwezi uliopita, na mteja alipa bila kubisha juu ashaona habari kwa simu. Hakuna hata boksi moja lililochelewa Kilindini lakini bei ishapanda. Huu mwongozo ni wa kukusaidia kujua mgomo upi utakufikia na upi utapita mbali, utapitia wapi, utachukua muda gani, na pesa zako uzifanye nini. Nimemfikiria mwenye yadi, mwenye duka la spea, mwenye gereji, na yule mwenye matatu moja ama tuktuk mbili ambaye gari likilala siku tatu nyumbani hakuliki.

Niseme mapema naamini nini: mgomo wa ng'ambo ukikuumiza, utakuumiza kwa spea kabla ya gari, na hata kwa spea ni zile chache ambazo hakuna mwengine azitengenezaye isipokuwa kampuni yenyewe. Yaliyobaki mengi ni dola, bandari na uongo wa madukani.

Kwanza elewa mgomo watembea vipi

Chukua ule mkubwa wa Marekani wa 2023. Chama cha UAW, cha wafanyikazi wa viwanda vya magari, mwenyekiti wake wakati huo Shawn Fain, mikataba yake na Ford, GM na Stellantis (hawa ndio wenye Jeep, Ram na Chrysler) iliisha usiku wa Septemba 14 na kufika tarehe 15 watu wako nje ya geti. Lakini hawakutoka wote. Wanachama kwa kampuni zote tatu walikuwa karibu 146,000, wakaanza na kama 13,000 tu kwa viwanda vitatu, cha Ford huko Wayne, Michigan, cha GM huko Wentzville, Missouri, na cha Jeep huko Toledo, Ohio. Wengine waliendelea na kazi huku tajiri hajui kesho ni zamu ya kiwanda gani. Chama kilikuwa chamlipa aliyegoma dola 500 kwa wiki kutoka kwa mfuko wake wenyewe, sasa ukitoa wachache wachache mfuko wadumu na tajiri halali.

Tazama vile uchungu ulivyosambaa. Kiwanda cha GM cha Fairfax kule Kansas hakikugoma kabisa, lakini kilikuwa chategemea vyuma vya bodi kutoka Wentzville, na kabla wiki haijaisha kikafungwa na watu kama 2,000 wakaambiwa waende nyumbani. Ndio hatari ya biashara ambayo kila kitu chafika kiwandani siku ile ile chatakikana, hakuna bohari ya kujificha.

Halafu Septemba 22 chama kikafanya kitu ambacho mwenye duka la spea afaa akisome mara mbili. Badala ya kufunga viwanda zaidi, kikawatoa watu kwenye depo 38 za kusambaza spea, zote za GM na Stellantis, kwa majimbo 20. Ford waliachwa juu mazungumzo yao yalikuwa yaenda. Kwa nini depo? Kwa sababu madila wa Marekani huweka magari mapya ya kuuza kama miezi miwili hivi, hiyo ndiyo stoku waionayo kawaida, kiwanda kikisimama leo dila hatahisi kesho wala wiki ijayo, na wengine hata hufurahi maana bei haipunguzwi tena. Lakini spea dila ahitaji kila siku. Gari la mteja liko juu ya jeki, limefunguliwa, fundi angoja kitu kimoja cha thamani ya chakula cha mchana, na kikikosekana gari haliondoki, nafasi haipatikani, fundi hana kazi, na mteja apiga simu kila asubuhi. Na faida ya dila, watu hudhani yatoka kwa kuuza gari jipya, kumbe sehemu kubwa yatoka kwa sevisi na spea. Kwa hivyo wale jamaa walilenga mfuko haswa.

Mwisho Ford walikubali Oktoba 25, Stellantis Oktoba 28, GM Oktoba 30, nyongeza ya asilimia 25 kwa mkataba wa kufika Aprili 2028. Ule wa kabla yake wa 2019 ulikuwa GM peke yao, watu kama 48,000, siku 40. Shika hiyo kichwani: migomo miwili mikubwa, yote kama wiki sita. Tutaitumia hesabuni.

Hatua ya kwanza: jua gari lilizaliwa wapi, usiangalie jina lililoandikwa nyuma

Hapa ndipo wengi wapotea. Mwaka huo wa 2023 habari zilisema kiwanda cha Ford Ranger kimegoma, na kweli Wayne hutengeneza Ranger. Ya Marekani. Ranger nyingi uzionazo hapa zatoka Silverton, Pretoria, ama Thailand, na huko hakuna mtu aliyeweka spana chini kwa ajili ya Detroit, kitovu cha viwanda vya magari vya Marekani. Upande mwengine, Jeep Wrangler hata ile ya usukani wa kulia yaundwa Toledo, na Toledo ilikuwa ya kwanza kufungwa. Kwa hivyo mwenye Ranger hapa alikuwa hana haja ya kukosa usingizi, mwenye Wrangler alikuwa nayo.

Utajuaje? Angalia namba ya chesisi. Gari la soko la dunia lina namba ya herufi na tarakimu 17 na ya kwanza yakwambia nchi. 1, 4 au 5 ni Marekani, 2 ni Canada, 3 ni Mexico, J ni Japani, W ni Ujerumani. Kwa herufi A tazama na ya pili, AA mpaka AH ni Afrika Kusini. M nayo usikurupuke, MA mpaka ME ni India lakini ML mpaka MR ni Thailand, na spea zao hazipiti njia moja. Herufi ya 11 kwa kawaida yaonyesha kiwanda chenyewe, hiyo ukimpa mtu mwenye katalogi ya kampuni akwambia mpaka mji.

Sasa, gari lililotoka Japani likiwa limetumika halina hiyo namba ya 17. Lina namba fupi ya modeli na fremu, kama NZE141 kwa Corolla, KDH kwa Hiace ya dizeli, kisha kistari na tarakimu. Ukiona hivyo jua liliundwa kuuzwa Japani ndani, na magari mengi ya barabara zetu ndiyo hayo, Probox, Vitz, Fielder, Noah, nenda Kongowea asubuhi uhesabu.

Na wafanyikazi wa Japani hugoma? Kwa magari ni nadra sana. Vyama vyao hukaa na kampuni kila mwaka msimu wa masika wakaongea mishahara, wakamaliza. Kinachosimamisha Toyota ni mambo mengine. Februari 1997 kiwanda cha Aisin kilichokuwa chatengeneza vali ndogo ya breki kiliungua, na Toyota ikasimamisha karibu viwanda vyake vyote vya Japani kwa siku kadhaa kwa ajili ya kivali tu. Mwisho wa Februari 2022 wadukuzi waliingilia kompyuta za msambazaji wake, Kojima, na Machi 1 viwanda 14 vikafungwa siku nzima. Agosti 29, 2023 vikasimama 14 tena, na mara hii sababu ilikuwa kompyuta za kuagiza spea zimejaa hakuna nafasi, kama simu ya mtu aliyeweka video za harusi zote. Kwa hivyo ukiuza spea za magari ya Japani usipoteze muda kufuatilia migomo ya Detroit, fuatilia matetemeko, mafuriko na meli.

Wa tuktuk pia wana ramani yao. TVS yatoka Hosur, Tamil Nadu, Piaggio yatoka Baramati na Bajaj yatoka Waluj, hizi mbili ziko Maharashtra. Mgomo wa India ndio ungegusa Likoni na Kisauni, na magazeti yetu hata hayatauandika.

Hatua ya pili: gawanya spea zako kwa mafungu

Chukua daftari, usitegemee kichwa. Fungu la kwanza ni zile zatembea kila siku na zatengenezwa na watu wengi: filta, pedi, plagi, belti, beringi, bushi, balbu. Hizi mgomo wa kiwanda cha magari hauziguzi sana, maana watengenezaji wake ni kampuni nyengine kabisa, na ukikosa ya jina hili wapata ya jina lile. Mtu akikwambia filta ya oili imepanda kwa sababu ya mgomo wa Marekani mwache hapo hapo dukani kwake.

Fungu la pili ni zile zenye watengenezaji wachache, kama shokabzoba, rejeta, alteneta, klachi. Hapa kuna njia ya pembeni, utapata mpya ya kampuni nyengine, utapata iliyotumika ya Japani, ama fundi ataikarabati.

Fungu la tatu ndilo la kulilia. Kontrol boksi, sensa za modeli maalum, mkoba wa hewa wa usalama, taa ya mbele ya gari la juzi juzi, fenda, bampa, nyaya za dashibodi, funguo za kompyuta. Hizi nyingi hutoka kwa kampuni mama peke yake kupitia depo zake. Depo ikifungwa hakuna pa kukimbilia. Kwa hivyo waumizwa wa kwanza ni gereji za bodi na watu wa bima, gari liligongwa Nyali, bima ishakubali, na linakaa wiki saba kwa sababu ya taa moja. Kama gereji yako yafanya kazi za bima za magari mapya mapya, fungu la tatu ndilo biashara yako yote, lisome vizuri.

Jambo dogo lakini laokoa pesa: agiza kwa namba ya spea, si kwa maneno. Toyota pedi za mbele namba yaanza 04465, za nyuma 04466, filta ya hewa 17801. Ukiwa na namba kamili waweza kuuliza maduka kumi kwa nusu saa kwa WhatsApp, Dubai, Nairobi, Dar, na kila mtu ajua wataka nini. Na uliza kama namba hiyo ishabadilishwa, kampuni hubadilisha namba ya kitu kile kile, mtu aambiwa hakipo kumbe kipo kwa namba mpya.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya stoku, kwa kalamu

Fomula ni rahisi. Wauza ngapi kwa wiki, mara wiki ambazo mzigo wachukua kutoka siku ya kuagiza hadi rafuni, ongeza akiba. Tuseme wauza seti 6 za pedi kwa wiki na mzigo wa Dubai wakuchukua wiki 4 ukihesabu na kutoa bandarini. Hiyo ni 24. Akiba ya wiki mbili, 12. Ukifika seti 36 agiza, usingoje zifike 10.

Mgomo ukitokea na chanzo chako kiko ndani yake, ongeza zile wiki sita za juu, yaani seti 36 zaidi, jumla 72. Lakini jamani, ni kama chanzo chako kiko ndani yake. Pedi zako zatoka kampuni ya Thailand na mgomo uko Michigan, wewe wajaza stoo kwa nini? Seti 36 za ziada kwa shilingi 2,500 ni elfu 90 zimelala, na kama ni za mkopo zalala huku zakula.

Kwa kitu ambacho wauza kimoja kwa miezi miwili, kama kontrol boksi, usinunue vitano kwa hofu. Chukua arbuni ya mteja kwanza, nzuri, nusu ya bei, umwandikie karatasi, kisha uagize.

Hatua ya nne: njia ya pili iwe tayari kabla hujaihitaji

Fungua akaunti kwa muuzaji wa pili sasa hivi wakati hakuna shida. Nunua kwake kidogo kidogo, hata kama bei yake iko juu kiasi. Wakati wa uhaba kila muuzaji huhudumia wateja wake wa zamani kwanza, na wewe uliyejitokeza siku ya dhiki na salamu nyingi utaambiwa rudi kesho mpaka uchoke. Hata kampuni kubwa hufanya hivyo, spea chache zilizopo zagawanywa kwa foleni na hesabu ya nani alikuwa anunua nini.

Zilizotumika za Japani ni njia nzuri kwa injini, giaboksi, milango, taa, vioo. Kwa breki, mikoba ya hewa na vitu vya usukani mimi sikushauri hata ikiwa bei ni ya kutupa, huwezi kuona kwa macho imechoka kiasi gani. Mafundi wetu wa stata na alteneta ni wazuri, wape kazi. Rejeta ya kuchomelea yafaa kwa kusukuma wiki kadhaa, si mwaka.

Na feki. Uhaba ukishaingia tu feki zaja nyuma yake, boksi zuri, stika yang'aa, bei chini kidogo tu ili usishuku. Pima uzito, linganisha na ile kuukuu uliyoitoa, angalia namba iliyopigwa kwa chuma chenyewe na wala sio boksi, tazama maandishi kama yamekosewa. Muuzaji anayekataa kukupa risiti yenye namba ya spea, ondoka. Kuna Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, malalamiko wayapokea, lakini ni baada ya gari kushindwa kusimama, na hapo umechelewa.

Hatua ya tano: bei, na dola ile

Hii nataka niikae kidogo. Miezi ile ya mgomo wa 2023, Septemba na Oktoba, ni kweli spea na magari yalipanda hapa. Lakini shilingi ilikuwa yaporomoka, ilifika kama 150 kwa dola moja kufikia mwisho wa Oktoba na Januari 2024 ikagonga kama 160. Juu ya hapo ushuru wa forodha wa magari ulikuwa umetoka asilimia 25 ukawa 35 tangu Julai 2023. Hizo mbili peke yake zatosha kumaliza mtu. Mgomo wa Detroit ulikuwa kisingizio kizuri tu kwa muuzaji, na baadaye 2024 shilingi iliporudi kama 130 je, uliona pedi zashuka? Mimi niliona chache.

Kwa hivyo kabla ya kukubali bei mpya uliza maswali matatu. Mzigo huu uliingia lini? Dola ilikuwa ngapi siku ulipolipia? Na chanzo chake ni nchi gani? Muuzaji mkweli ajibu kwa dakika moja. Na wewe ukiwa ndiye muuzaji, toa bei iliyoandikwa na tarehe ya kuisha, siku saba zatosha, maana ukimpa mteja bei ya mdomo leo na akarudi baada ya mwezi mtagombana bure. Kupandisha bei ya stoku ya zamani ni haki yako kisheria sijui nini na nini, sitaki kukuhubiria, lakini wenye matatu wana vikundi vyao vya simu na jina lako litafika Mtwapa kabla ya magharibi.

Mwenye yadi

Yadi zetu nyingi zauza yaliyotumika kutoka Japani, na gari lililotumika halitoki kiwandani, latoka kwa mnada, kwa hivyo mgomo haumguzi moja kwa moja. Kinachomgusa ni ile sheria ya miaka minane ya umri wa gari, likizidi hapo haliruhusiwi kuingia nchini. Meli ikichelewa mwezi wa Desemba gari ambalo lilikuwa ndani ya umri laweza kuwa nje kufika Januari, na hapo hasara si ya kuchelewa, ni ya gari zima. Usiagize gari la mwaka wa mwisho ukingoni mwa mwaka, hata bila mgomo.

Anayeuza mapya au yanayounganishwa hapa ana hali nyengine. Magari yanayounganishwa Miritini, Thika au Nairobi hufika kama vipande kwa makasha, kikikosekana kitu kimoja gari zima langoja. Polo Vivo ya Thika vipande vyake vilikuwa vyatoka Afrika Kusini, na Afrika Kusini wanajua kugoma: Agosti na Septemba 2013 chama cha NUMSA kiliwatoa watu kama 30,000 wa viwanda vya magari kwa wiki tatu hivi, walipomaliza wakaingia wa viwanda vya spea, na BMW ikaiondoa nchi hiyo kwenye orodha ya modeli mpya iliyokuwa yatafutiwa kiwanda. Oktoba 2022 wakagoma wa Transnet, kampuni ya bandari na reli za huko. Sasa wewe dila wa hapa ukiwa na chanzo Durban au Pretoria, habari za NUMSA na Transnet ndizo za kusoma asubuhi, UAW achana nao.

Ukiwa umechukua mkopo wa benki kuweka magari uwanjani, kila siku gari linapokaa lakula riba. Wakati wa uhaba usishushe bei kwa pupa, lakini usikae nayo ukisubiri iote mbawa pia. Na mteja aliyelipa arbuni ya gari ambalo halijafika, mwandikie tarehe, na mwandikie tarehe ikipita arudishiwe pesa lini na kwa njia gani. Mpigie wewe kabla hajakupigia. Ukimwambia "kaka, meli imesogezwa, nitakwambia Jumatatu" na Jumatatu ukamwambia, atangoja, watu wa pwani ni wavumilivu ukiwa mkweli nao.

Mwenye matatu, teksi au tuktuk

Wewe kazi yako ni fupi. Fanya sevisi mapema, hiyo iliyokuwa ya mwezi ujao ifanye wiki hii kama chanzo cha gari lako kimeguswa. Nunua seti moja ya ziada ya pedi na belti uweke nyumbani, basi, usifungue duka la pili chini ya kitanda. Ukiwa mko watano sita wa gari la aina moja kwa steji moja, nunueni kwa pamoja, mwaenda kwa muuzaji na oda ya seti kumi mwapewa bei nyengine na mwakumbukwa siku ya uhaba. Mwambie dereva pia: sauti ya chuma kwa chuma ukisikia leo usingoje Jumapili, diski ikiliwa gharama yapanda maradufu na diski yenyewe ndiyo huenda isipatikane.

Mgomo wa hapa hapa

Huu ndio hutukata zaidi na watu hawaupangii. Makuli, madereva wa trela, mawakala wa kutoa mizigo, mitambo ya forodha ikilala, vyote vyafanya kontena lako likae. Mji huu wenyewe una historia: Januari 1947 kama watu 15,000 waligoma, bandari, reli na mahoteli kwa pamoja, Chege Kibachia akiwa mmoja wa viongozi, na Machi 1955 wa bandarini wakatoka tena mpaka Tom Mboya akaja kusuluhisha. Wazee wa Majengo bado wayazungumza.

Kontena likikwama zile siku za bure zaendelea kuhesabiwa na baada yake waanza kulipia uwanja na kasha. Fanya hivi: makaratasi yote yawe yamekamilika kabla meli haijatia nanga, ushuru uwe tayari, na umwulize wakala wako kwa maandishi siku za bure zaisha tarehe gani. Mgomo ukiwa wa bandari yenyewe andika barua ya kuomba siku hizo ziongezwe, mara nyengine hukubaliwa, na asiyeandika hapewi. Vitu vidogo vya fungu la tatu vilete kwa ndege kupitia Moi ama Nairobi. Sensa moja kwa ndege ghali, lakini gari la bima likikaa wiki sita ni ghali zaidi.

Mzigo wa Uingereza na Ulaya nao una lake. Tangu mwisho wa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, nyingi zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku zikaongezeka. Mwenye Land Rover na Mercedes ashajua.

Mgomo ukiisha

Kutia sahihi si kufika kwa spea. Oda zilizorundikana zaanza kutoka kwa foleni, depo ina vumbi la wiki sita, meli lazima ijaze, kisha bahari, kisha bandari. Hesabu miezi miwili mpaka rafu yako irudi sawa kwa vitu vya Marekani. Muda huo usipunguze bei kwa fujo na usiagize kwa hofu.

Siku hiyo hiyo ya habari njema fanya jambo moja ambalo wengi husahau. Chukua daftari upitie oda zote ulizoweka wakati wa uhaba. Kitu ulichokiagiza Dubai kisha ukakosa subira ukakiagiza tena Nairobi, futa moja kabla havijapakiwa vyote viwili. Uliza kwa maandishi kama kufuta kwatozwa. Arbuni za wateja waliokata tamaa wakanunua kwengine zirudishe kwa M-Pesa bila kungoja kuulizwa. Na zile seti ulizonunua bei ya juu zitoe kwanza, kwa wateja ambao magari yao yako gerejini tayari, kabla ya mzigo mpya wa bei ya kawaida kufika na jirani yako kuanza kuuza chini yako.